Kituo cha Sita Uani kwa Mzee Ruhaga

Harufu ya Kwaresima ile ilikuwa ya majani ya mikaratusi yaliyolowa mvua, moshi wa kuni mbichi, na udongo mwekundu ulioganda kwenye viatu mlangoni mwa kigango chetu, kanisa dogo la mbali na parokia. Tuliishi Nyakitonto, wilaya ya Kasulu. Padre alitufikia mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Jumapili nyingine ibada iliongozwa na katekista, nasi watoto tulikaa mbele kwenye mikeka tukisukumana viwiko. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wazazi wangu walitoka Burundi wakiwa wakimbizi, baadaye wakapata uraia. Mimi nilizaliwa hapa hapa, lakini Kiswahili changu kilikuwa na lafudhi ya Kirundi cha nyumbani, na shuleni walinicheka kila niliposimama kusoma. Kwa hiyo nilijifunza kukaa nyuma na kunyamaza.

Mwanzoni mwa Kwaresima hiyo akaja Sista Imelda kutoka parokiani, akiendesha pikipiki mwenyewe, matope yamemrukia mpaka kwenye miwani. Alitutaka vijana wote kila Jumamosi baada ya kazi za shamba. Tulidhani atatufundisha nyimbo. Badala yake alisema kila mmoja wetu ataongoza sala za jioni za jumuiya yake, familia za jirani zinazosali pamoja, kwa wiki moja, na wenzake watamtazama tu, kisha Jumamosi waseme walichokiona. Kijana aliyetazamiwa na wote alikuwa Desideri, mwenye sauti nzito kama ya mtu mzima, anayejua sala zote kwa kichwa. Alipoongoza yeye, hata mbuzi waliofungwa nje walinyamaza. Wiki iliyofuata ilikuwa yangu, na jioni ya kwanza kabisa niliharibu. Baada ya somo niliupoteza ukurasa. Karatasi hazifunguki, nikainua macho kwa kukata tamaa, ndipo nikamwona Mama Yustina akilia bila sauti. Mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali Kasulu. Nikajikuta nauliza, "Mama, mtoto anaendeleaje?" Akaanza kusimulia, wanawake wakamsogelea, na jioni nzima tukamwombea mtoto yule. Kitabu sikukigusa tena. Nilirudi nyumbani nikiamini nimeshindwa kazi.

Jumamosi Sista aliwauliza wenzangu waliona nini. Walitazamana kwanza, kisha Desideri akanyoosha mkono. Nilijiandaa kuchekwa. "Sista, mimi nilipoongoza sikumwona mtu hata mmoja," alisema. "Nilikuwa najisikiliza. Spesioza alimwona Mama Yustina." Sista alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, tukashtuka. "Mmesikia? Hicho ni kipaji, na alikuwa nacho muda wote bila kujua. Spesioza, Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu utaongoza wewe. Desideri, utaimbisha." Nilikimbia mpaka nyumbani, moyo unanipasuka kwa furaha na hofu pamoja. Mama alikuwa anamenya mihogo. "Wewe?" aliuliza. "Mimi, Mama." Akaendelea kumenya. "Usije ukatuaibisha mbele za watu," alisema, lakini jioni ile ile alitoa kitenge chake kipya sandukuni akakipima kiunoni mwangu.

Ijumaa Kuu ilipofika, daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Padre hakuweza kuvuka, wala Sista, na katekista alikuwa kitandani na malaria. Watu walijaa nje ya kanisa, na mwenyekiti wa kigango akaniangalia kuanzia miguuni. "Watu wote hawa waongozwe na mtoto?" Mke wa katekista ndiye aliyemjibu: mumewe amesema ni Spesioza, basi ni Spesioza. Tukaanza kupanda kilima, kila kituo mbele ya nyumba ya muumini, Desideri akiimba, watu wakiitikia hadi bonde likarudisha sauti. Kufikia kituo cha tatu woga ulikuwa umeniisha. Nilikuwa natembea kama niliyebebwa.

Kituo cha sita, pale mwanamke anapompangusa Yesu uso, kilipangwa kwenye nyumba ya njia panda, lakini kabla ya kukifikia tulipita kwa Mzee Ruhaga. Mzee huyu alikuwa amesusa kanisa miaka miwili. Mabati ya kigango yalipopotea, kamati ilimtaja yeye hadharani kuwa ndiye mwizi. Baadaye yakaonekana kwenye ghala la shule, yalikohifadhiwa na kusahauliwa, na hakuna aliyekwenda kumwomba radhi. Siku ile alisimama kando ya jiko lake, kofia mkononi. Mtu asiyetaka kusali na wenzake havui kofia msalaba unapopita. Nikasimama. Msafara wote ukasimama nyuma yangu.

"Babu, tunaomba tusali kituo hiki hapa uani kwako."

"Twende, njia ni ndefu," mwenyekiti alininong'oneza kwa ukali.

Mzee Ruhaga hakumtazama. "Mnakumbuka mlichonisema?" aliuliza.

"Tunakumbuka, Babu." Kiswahili kikanikimbia, kikaja Kirundi cha nyumbani, kinachokaribiana na Kiha, lugha yake. "*Mutubabarire*." Mtusamehe.

Hakuna aliyecheka. Kisha mwenyekiti akapita mbele yangu, na nilidhani anakuja kuninyamazisha. Alimkaribia Mzee Ruhaga akainama, mikono yote miwili mbele. "Ni mimi niliyekutaja," alisema. "Nisamehe." Mzee aliweka kofia juu ya kuni, akajifuta mikono kwenye suruali, akaomba apewe msalaba. Aliubeba mpaka kituo cha kumi na nne, akikataa kupokewa, na Desideri aliimba siku ile mpaka sauti ikamkauka.

Sasa nafundisha shule mjini Kasulu, na Jumamosi nasaidia kuwalea vijana wa parokia. Wana ukumbi wenye umeme, spika, na masomo ya siku kwenye simu zao, na wengi wanaongea mbele za watu vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Ninachokiona kimepungua ni nafasi ya kuharibu. Sisi wakubwa tunasimama karibu mno. Kijana akikwama nukta mbili tu, tayari tumemnyang'anya kipaza sauti. Utoto wangu ulikuwa na mvua, umaskini na aibu nyingi, lakini daraja lilipokatika nilipewa kanisa zima mikononi. Wiki iliyopita binti yangu wa miaka kumi na mitatu aliniomba aongoze sala za jumuiya yetu. Nikafungua mdomo kumwambia asubiri kwanza akue, nikajisikia aibu. Nimemwambia aongoze, na kwamba mimi nitakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.