Waliolisukuma Gari la Mzee Abdulmalik

Simu ilipolia, Asadi alikuwa ameinama chini ya boneti, mkono mmoja umeshika waya wa plagi na mwingine spana. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, nyumbani kwao Chuno, na jua la Novemba lilikuwa limeshaanza kuunguza migongo. Baba yake, Mzee Abdulmalik, alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali. Ndivyo walivyoambiwa jana yake: homa imeshuka, kifua kimepungua, njooni mumchukue saa tatu. Saa tatu ilikuwa imepita na gari halijawaka.

"Kaka," alisema Safina, mdogo wake, aliyekuwa amelala hospitali kumwuguza mzee. "Usihangaike na gari tena."

"Mmepata bajaji?"

Alisikia magurudumu ya kitanda yakipita upande wa pili.

"Safina, mmepata bajaji? Mwambie baba asikasirike. Ni plagi moja tu hii, nusu saa nitakuwa hapo."

"Kaka, baba hayupo."

"Ametoka na nani?"

Hakuelewa. Hata siku za baadaye hakuweza kueleza akili yake ilikuwa imekwenda wapi. Ilibidi Safina aseme, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," ndipo spana ikamponyoka. Akabaki anaitazama ile plagi, hajui airudishe au aiache. Akairudisha. Akaikaza vizuri, akafunga boneti, akafuta mikono, kisha akaingia ndani kumwambia mama yake.

Gari lenyewe lilikuwa la mgongo mrefu, rangi yake zamani ilikuwa ya maziwa. Mzee Abdulmalik alikuwa mzaliwa wa Mikindani. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya chumvi, kisha akaanza kuuza chumvi mwenyewe, akiipeleka kwa baiskeli mpaka vijiji vya karibu na mto Ruvuma na kurudi na mchele. Mwaka ambao mkewe, Bi Somoe, alikuwa na mimba ya Safina, mkandarasi mmoja alimaliza kazi zake Mtwara akawa anaondoka, na mzee akalinunua gari lake. Alisema si la biashara, ni la familia, ili mama watoto asije akajifungulia njiani.

Akajifungulia njiani. Walikuwa wametoka kuwasalimu watu Mahurunga, gari likakohoa mara mbili likanyamaza, na uchungu ukaanza hapo hapo. Nyumba ya karibu ilikuwa ya mkulima mmoja aitwaye Fernando, Mmakua ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji. Mkewe, Lucinda, akatandika mkeka, na kabla ya Magharibi Safina akawa analia duniani. Fernando alipouliza kabila na kuambiwa kwamba mgeni ni Myao kwa upande wa mama, alirukaruka kwa furaha.

"Kumbe mtani wangu! Myao wewe, unakuja kuzalisha mkeo shambani kwangu kama mbuzi?"

Ndipo alipolibatiza gari. "Hili si gari, ni mwali. Mwezi mzima limefichwa ndani linafundwa, likitoka siku moja tu mtaa mzima vigelegele."

Jina likaganda. Mwali alikaa miaka ishirini na mbili katika familia ile, na katika miaka hiyo kila mtu alijua mahali pake pa kusukuma. Mzee kwenye usukani, Asadi nyuma kulia, Safina nyuma kushoto, na Bi Somoe akifuata kwa miguu, viatu mkononi, akisoma nyiradi zake. Siku za Idi walipokwenda kupunga upepo Shangani, watu walikuwa wanajua kwamba jioni wataitwa kusukuma. Na mzee hakuona haya hata kidogo. Kila aliyemsukuma alimwuliza jina, ukoo, na wagonjwa wa nyumbani kwake. Akizimikiwa tena mahali pale pale baada ya miezi sita, anauliza, "Yule mjomba wako aliyevunjika nyonga, anatembea sasa?"

Aliyeona haya ni Asadi. Siku ya harusi yake mwenyewe alisukuma akiwa na kanzu nyeupe, akaingia kwa kina Mariamu, bibi harusi wake, na alama ya grisi kifuani, na shemeji zake wakamwimbia mpaka akatamani ardhi ipasuke. Kesho yake alimwambia baba yake, "Baba, uza hili gari."

"Nikiuza nitasukumwa na nani?" mzee akajibu, akaendelea kunywa uji.

Asadi alilitafakari jibu lile kwa miaka, hakuona kichwa wala mkia.

Sasa mzee alikuwa amelala chumbani, ameshaoshwa na kuvishwa sanda, na nje kulikuwa na mabishano. Selemani, mdogo wa marehemu, alikuwa amekwishapata lori la jirani, jipya, lenye dereva wake. Bi Somoe, akiwa huko ndani kati ya wanawake, alikataa.

"Alisema alazwe ubavuni mwa mama yake, Mikindani, siku hiyo hiyo, jua halijazama. Na alisema Mwali ampeleke."

"Shemeji, marehemu alikuwa anatania," Selemani alisema mlangoni, kwa upole.

"Nimekaa naye miaka arobaini. Akitania nilikuwa najua."

"Gari limegoma leo asubuhi, shemeji! Tukikwama na maiti barabarani tutasema nini mbele za watu?"

Bi Somoe alimwita Asadi, akamshika mkono. Macho yake yalikuwa makavu. "Mwanangu, utampeleka alivyotaka? Na jua halijazama?"

"Nitampeleka, mama."

Aliahidi, wala hakujua anaahidi kwa nini. Alipotoka akamkuta Safina ukutani, akamwuliza lile alilokuwa akilikwepa tangu asubuhi.

"Alikuwa ameshavaa," Safina alisema. "Amekaa kitandani, mfuko wake magotini. Kila gari likipita anasema, 'Hilo silo. Mwali namjua anavyokohoa.' Kisha akasema anajinyoosha kidogo, nimwamshe ukifika."

Asadi akaenda kusimama peke yake karibu na tangi la maji. Alisoma chuo cha Kurani tangu utotoni, na alijua kwamba siku ya mtu ya kufa ikifika haisogezwi mbele wala nyuma hata kwa saa moja. Hilo alilijua na aliliamini. Lakini plagi nazo alizijua. Alijua kwamba kama angezisafisha jana usiku badala ya kutazama mpira, baba yake angekufa nyumbani, au njiani ameegemea bega lake, au pengine asingekufa. Akaomba msamaha kwa Mungu kwa hilo neno la mwisho. Kisha likamrudia tena.

Wanawake walimuaga marehemu. Bi Somoe alifunuliwa uso wa mumewe, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeaga mtu wa sokoni, "Nimekuwia radhi, Baba Asadi. Nawe uniwie radhi." Jeneza likatolewa, likaingizwa nyuma ya gari, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba kwa sababu miguu ya jeneza ilizidi.

Asadi akasema bismillahi, akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja.

"Loo!" watu wakasema.

Asadi akapandwa na hasira. Mbona sasa? Mbona siyo saa tatu? Alitamani ashuke alipige teke, mbele ya maiti, mbele ya Maalimu Iddi wa msikiti wao. Akaingiza gia.

Walikwenda vizuri. Selemani kiti cha mbele, lori la waombolezaji nyuma, na pikipiki kadhaa. Walikuwa wameshaanza kuiona ghuba ya Mikindani chini kule, saa tisa na nusu, gari lilipokohoa mara mbili likanyamaza.

"Nilisema," alisema Selemani. "Sikusema?"

Asadi akashuka, akafungua boneti. Plagi safi. Waya mzima. Mafuta yapo. Akajaribu mara nne, mara kumi, na kila mara akasikia betri ikichoka zaidi. Robo saa, nusu saa. Hakuona kasoro yoyote, na hilo ndilo lililomchanganya. Gari lilikuwa zima na halitaki. Selemani akapiga makofi kuwaita wa kwenye lori.

"Basi. Tumhamishe mzee. Watu wanangoja, jua halimngoji mtu."

Vijana sita wakasogea kufungua kamba. Mtu mmoja akawatangulia, akaukalia mlango wa nyuma kwa makalio yake yote. Alikuwa Fernando. Alikuwa ametoka Mahurunga kwa pikipiki baada ya kupigiwa simu, ana vumbi mpaka kwenye kope.

"Hahamishwi," akasema.

"Bwana Fernando, tupishe," alisema Selemani.

"Sipishi. Mimi mtani, nina haki yangu hapa. Miaka ishirini na mbili huyu Myao amenisukumisha bila hata kunipa maji ya kunywa. Leo ndiyo mara ya mwisho mnataka kuninyima? Wewe Abdulmalik!" Aligeuka akagonga bati la gari. "Mwongo mkubwa! Umeona umekufa ukadhani utafika Mikindani bila mimi? Mwali mwenyewe kakataa!"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Asadi naye akahisi kicheko kinapanda na kilio kinapanda, vyote kwa mlango mmoja, asijue akitoe kipi. Akamgeukia Maalimu Iddi.

"Maalimu, tufanyeje? Kumbeba maiti kuna thawabu, hiyo najua. Kulisukuma gari alimo, ni kumbeba?"

Maalimu Iddi alishika ndevu zake. Alitazama gari, akatazama jua.

"Sijasoma mahali," akasema. "Kwa hiyo sitasema ni sawasawa, wala sitasema sivyo. Nia zenu anazijua Mwenyezi Mungu." Akakunja mikono ya kanzu yake. "Nipeni nafasi hapo kushoto."

Basi likasukumwa. Kama jeneza linavyopokezanwa begani, ndivyo walivyopokezana, hatua chache, unapisha, mwingine anaingia, na kalima ikisomwa. Watu wa nyumba za kando wakauliza ni nani. "Mzee Abdulmalik wa chumvi." Wakaacha walichokuwa wakikifanya. Mwanamume mmoja mwenye fimbo, anachechemea, alisema mzee huyu alimwulizia nyonga yake miaka mitano mfululizo, akatia mkono wake mmoja kwenye bati.

Asadi alikuwa bado kwenye usukani. Akaona kwenye kioo watu wa mbali wakimbeba baba yake, naye mwanawe amekaa. Akafunga breki.

"Baba mdogo, hamia hapa."

"Mimi sijui kuendesha!"

"Hakuna kuendesha. Shika usukani tu, unyooshe."

"Na breki iko wapi? Asadi! Breki ni ipi kati ya hizi?"

"Ya katikati!" Fernando alipaza sauti. "Na ukimwangusha mtani wangu mtaroni, nakuzika wewe!"

Asadi akazunguka nyuma, upande wa kulia, kiganja kwenye bati na bega karibu na mguu wa jeneza. Akasukuma. Grisi ikamshika kanzu, hakuitazama. Alitaka kumwambia baba yake kwamba asubuhi alikuwa anakuja, kwamba ilikuwa plagi tu, lakini kalima ilikuwa mdomoni na haikumpa nafasi. Kila aliyechoka alipisha. Yeye hakupisha, na hakuna aliyemwomba apishe.

Walifika msikitini Mikindani saa kumi na moja kasoro. Watu walikuwa wameshaswali Alasiri, wanangoja uani. Jeneza likashushwa, wakajipanga safu, Maalimu Iddi akaswalisha.

Kaburi lilichimbwa kando ya la mama yake. Asadi na Selemani waliingia ndani pamoja na mtu mmoja wa Mikindani anayejua kazi hiyo. Walimpokea mzee kwa mikono sita. Alikuwa mwepesi. Walimlaza ubavu wa kulia kwenye mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, uso kibla, wakamfungua vifundo vya sanda, shavu likagusa udongo. Asadi aliweka kidongo nyuma ya mgongo wake ili asilale chali. Mbao zikapangwa, mianya ikazibwa kwa majani na udongo mbichi. Wakapandishwa juu.

Kila mtu alitupa mafumba matatu ya udongo. Fernando alisimama nyuma, kofia mkononi, naye akatupa yake. Kisha majembe yakafanya kazi mpaka tuta likasimama. Wakamwaga maji, Maalimu Iddi akachuchumaa upande wa kichwa akasoma talkini ya kumkumbusha maiti shahada yake, watu wakaitikia dua. Jua lilikuwa bado liko juu ya minazi. Watu wakapeana mikono, wakaondoka wawili wawili. Asadi alibaki kidogo, akasema, "Assalamu alaikum, baba," akawafuata.