Godoro la Brigid Apio

Brigid Apio wa Kamuriai alilea watoto sita, wa kwanza Etyang, akilala kwenye mkeka. Godoro la nyumbani lilikuwa la mumewe, mzee Okwakol, na wageni wakija lilikuwa lao.

Alipojiunga na kikundi cha akiba cha akina mama, mwenyekiti Anjeline aliuliza kila mmoja anaweka akiba ya nini. Wengine wakasema ng'ombe, wengine karo. Brigid akasema, "Godoro."

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha Anjeline akatulia. "Ngojeni. Nani hapa ako na lake?"

Hakuna mkono ulioinuka.

Basi mwaka mzima waliuza njugu, kila Jumatano wakaweka kidogo, na Desemba wanawake kumi na wawili wakaingia duka la magodoro mjini Malaba kwa kishindo. Mwenye duka, Abdulnoor, akasema, "Mama, jaribu kwanza." Brigid akavua ndala, akajilaza palepale dukani, akafumba macho.

"Brigid, amka twende!"

"Niacheni kidogo."

Pikapu waliyokodi ilikwama nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kuingia Uganda. Nani angengoja? Kila mmoja alijitwika lake, wakashika njia kwa miguu. Madereva wakapiga honi. Mmoja, Mganda, akatoa kichwa dirishani. "Nyabo, mama, mnahamia wapi?"

"Kitandani!" Brigid akajibu.

Kicheko kikawamaliza nguvu. Godoro la Anjeline liliyumba, likaanguka kwenye nyasi, naye akaanguka juu yake, na kila alipojaribu kuinuka alicheka upya. Mwishowe wote waliketi kando ya barabara juu ya magodoro yao, wakiyapungia malori mkono kama mabibi harusi.

Brigid alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Okwakol akalibonyeza godoro kwa kidole kimoja. "La nani hili?"

"Langu."

"Na mimi?"

"Wewe mzee uko na lako."

Akalitandika, akajitupa katikati, mikono huku na miguu kule. Kuku walilia njaa nje, hakusikia. Baadaye kidogo mlango ukasukumwa polepole, Okwakol akachungulia.

"Mama Etyang, nijaribu tu?"

"Nawa miguu kwanza."

Okwakol akanawa, akalala ukingoni kwa adabu. "Lo!" akasema.

Jumatano iliyofuata Brigid, ambaye hakuwahi kuchelewa mkutano, alifika wenzake wakiwa wameshafunga sanduku la akiba. Wakamtoza faini ya usingizi. Akailipa akicheka, alama za shuka bado shavuni.