Wanga wa Viazi na Mkono wa Mjukuu

Nguo za altare za kanisa letu dogo hapa Kuresoi nimezifua mimi tangu nilipokuwa mke kijana, na wanga wa kuzikaza sijawahi kuununua dukani. Nachukua viazi vidogo ambavyo wanunuzi wamevikataa, naviosha, navikwaruza, kisha nafinya ile rojo ndani ya kitambaa juu ya beseni la maji. Maji nayaacha yatulie. Yakitulia, namwaga yale ya juu yaliyogeuka rangi ya kahawia, na chini kunabaki kitu cheupe kama chokaa iliyolowa. Cha nguo hupikwa mpaka kiwe gundi. Kikiachwa kibichi, nilikuwa naona tu kwamba kina tabia ya ajabu, lakini nani ana nafasi ya kuchunguza tabia za wanga siku ya kufua?

Nafasi niliipata likizo ya Agosti, binti yangu aliponiletea mtoto wake wa kike, wa miaka sita. Wanaishi Nakuru mjini, mtaa wa Bondeni, ambako binti yangu anauza nguo za watoto. Huyo mjukuu alikuwa hawezi kuvumilia kitu chochote chenye unyevu au kinachonata. Ugali alikula kwa kijiko. Uji ukimdondokea kidoleni alilia kama ameungua. Na mkono wake hakumpa mtu. Kwetu mtoto akiingia nyumbani huwazunguka watu wazima wote akiwasalimia kwa mkono, mmoja mmoja, na asipofanya hivyo watu hutazamana. Yeye aliingiza mikono ndani ya mikono ya sweta akasimama hapo.

"Si utundu, Mama," binti yangu aliniambia tukiwa uani. "Kule kliniki wamenieleza. Ngozi yake inasikia vitu kwa nguvu kuliko yetu. Wamesema achezee vitu vya kunata, pole pole, akitaka mwenyewe. Usimshike. Hata mkivuka barabara, shika sweta."

"Na nikitaka kumbariki?"

"Mbariki na mdomo."

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nimeutamani ule mkono. Nilimwomba Mungu jambo moja tu kwa likizo ile: kabla mtoto hajarudi mjini anipe mkono wake kwa hiari yake. Sikuona kwamba ni ombi kubwa.

Tukaanza na unga wa ugali. Tuliuchanganya na maji baridi, ukatulia chini ya bakuli kama mchanga, akautazama mara moja akaondoka. Unga wa ngano ulikuwa mbaya zaidi. Ulinata kwenye kidole chake akapiga kelele mpaka mbwa akabweka. Jirani mmoja akanishauri niige watoto wa mjini, ambao huchanganya gundi ya shule na dawa za kufulia mpaka kitu kivutike kama mpira. Nilimshukuru nikakataa. Kitu ambacho singethubutu kukitia mdomoni mwangu singekitia mikononi mwa mtoto.

Ndipo nikakumbuka beseni la wanga. Nilikwaruza viazi, nikausafisha wanga kwa maji mara kadhaa mpaka harufu ya udongo ikaisha, nikapunguza maji, kisha nikaketi nao kwenye kigoda mlangoni nikijifanya simwoni. Nikapiga ngumi katikati ya beseni. Ngumi ikagonga kama imegonga meza, na hakuna tone lililoruka. Halafu nikalegeza vidole, vikazama taratibu kama vinazama kwenye maziwa mazito.

Alisogea.

"Shosho, hiyo ni maji ama ni mawe?"

"Sijui. Iulize."

"Kwani ina mdomo?"

"Basi igonge."

Aliifikiria sana hiyo. Kisha akatoa ngumi ndani ya sweta, akagonga haraka kama mtu anayebisha mlango wa watu asiowajua, akairudisha. Akaitazama. Ilikuwa kavu. Sijasahau uso wake. Aligonga tena, na tena, akicheka, na nusu ya asubuhi ile aliimaliza akilipiga beseni la wanga.

Siku zilizofuata tulifanya kazi hiyo kila baada ya chai. Nilimwekea sheria chache: tunacheza nje, hatuli, hatupaki machoni, tukimaliza tunaosha mikono. Tukajaribu. Maji yakizidi, wanga ulikuwa kama maziwa tu, haukumpinga mtu. Yakipungua, ulipasuka kama udongo wa kiangazi. Baridi ya kwetu ni kali, nikafikiri nimfurahishe kwa maji ya moto, kumbe nimepika gundi. Alikunja pua akasema, "Shosho, umeharibu," nami nikakubali kosa. Tukajifunza kutia maji kwa kijiko kimoja kimoja, yeye ndiye akisema "bado" au "basi".

Kutoka ngumi alifika kwenye kidole kimoja. Kisha viwili. Siku moja akaacha kiganja kizima kizame, akafumba macho. Alipotaka kukivuta kwa ghafla, wanga ukamkaza.

"Inanishika! Shosho, inanishika!"

"Usivute. Tulia. Toka pole pole."

Akatulia. Akatoka pole pole, wanga ukateleza kwenye vidole vyake ukarudi ndani ya beseni.

"Imeniachilia," akasema, kama mtu aliyefanyiwa fadhila.

Siku iliyofuata, Jumatano, alichota bonge, akalifinya likawa gumu, akaniambia nikinge mkono. Nikakinga. Alifungua vidole, bonge likayeyuka likanimwagikia kiganjani, na kidole chake kilikuwa juu ya kiganja changu, karibu kiasi kwamba nilisikia ubaridi wake. Sikusogea. Nilihisi kwamba ombi langu limekaribia kujibiwa.

Alhamisi jumuiya yetu ndogo ya kanisa ilikuwa isali nyumbani kwangu. Zamu ilikuwa yangu na sikutaka kuikwepa. Watu walipofika niliwasubiri mlangoni nikawaambia kwamba mjukuu wangu hasalimii kwa mkono, ni maagizo ya kliniki, tafadhali wasimlazimishe. Walinielewa vizuri kabisa. Rafiki yangu mmoja, mama mwenye mzaha, alimwinamia mikono ikiwa mgongoni akamwambia, "Mimi nitakusalimia na kichwa kama mbuzi," mtoto akacheka, akakubali kuketi katikati ya rafiki yangu huyo na mzee mmoja wa jumuiya.

Tukaimba, tukasoma, tukatoa maombi. Tukasimama kwa Baba Yetu.

Hapa kwetu Baba Yetu husaliwa kwa kushikana mikono. Hakuna anayefikiria. Maneno yakianza, mkono wenyewe unatafuta mkono wa jirani. Tulikuwa tumekumbuka salamu, wote, mimi wa kwanza, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu sala kuwa salamu. Nilikuwa nikiongoza, macho nimefumba. Rafiki yangu, macho amefumba pia, alishusha mkono wake akauchukua ule mkono mdogo kwa upendo, kama alivyochukua mikono ya wagonjwa wengi katika kijiji hiki. Upande wa pili, yule mzee akafanya vivyo hivyo.

Sauti aliyoitoa mtoto siwezi kuiandika. Alivuta. Rafiki yangu aliposhtuka alidhani mtoto anaanguka, akamkaza zaidi. Nilipofumbua macho alikuwa ananing'inia kati ya watu wawili wema waliokuwa wakijaribu kumwokoa.

"Mwachilieni!" nikasema, na sala ikakatikia hapo.

Alikimbilia chumba cha kulala akaingia chini ya kitanda. Rafiki yangu aliketi sebuleni akilia. "Nisamehe, dada. Mimi nilikuwa naomba tu. Nilikuwa naomba." Nilimwambia hana kosa, na hana. Sijampata mwenye kosa mpaka leo, ingawa nimemtafuta, na kuna siku ningependa awepo ili nimsamehe yaishe.

Asubuhi yake nilitoa beseni nikaketi kwenye kigoda. Nikagonga. Nikalegeza vidole. Alikuwa amesimama mbali, karibu na ghala, mikono ndani ya sweta, akinitazama kama ananitazama nikifanya kazi isiyomhusu. Sikumwita. Wanga ulikaa, ukaanza kunuka uchachu, nikaumwaga kando ya ua, maana ukiumwaga kwenye bomba huganda ukaziba. Jumamosi mama yake akaja kumchukua. Nilimbariki na mdomo.

Mungu hakumwacha. Mjini waliendelea na mazoezi yao, na mwaka uliofuata binti yangu alinipigia simu sauti ikiwa juu: "Mama! Leo amempa mwalimu mkono!" Nilikuwa shambani. Nilipiga magoti palepale katikati ya viazi. Baadaye nikasikia amekanda unga wa chapati. Halafu amekula ugali kwa mkono na kuramba vidole, binti yangu akamgombeza huku akilia kwa furaha.

Kwenye jumuiya siku hizi, tukifika Baba Yetu, mimi nasali macho wazi. Naangalia mikono yote. Rafiki yangu naye, nimeona, husubiri jirani amtafute yeye.

Krismasi iliyopita walikuja. Amerefuka, ana mapengo. Kwenye lango alikutana na kijana anayeniletea maziwa, na niliona kwa macho yangu akimpa mkono, mkono mzima, wakautikisa kama watu wa siasa. Nikatoka jikoni nikijipangusa kwenye leso, moyo ukinidunda kwa namna isiyofaa umri wangu.

Alifika kizingitini. Akaingia hatua moja, akatazama viti vya sebule vilivyopangwa kuzunguka ukuta, na nikaona mikono ikipanda taratibu ndani ya sweta.

"Hujambo, shosho," akasema kwa adabu.

"Sijambo, mama yangu. Karibu."

Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Binti yangu alinifuata jikoni akasimama nyuma yangu huku nikikoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa.

"Ni hii nyumba tu, Mama. Kwingine hafanyi hivyo. Mpe muda."

Nilimwambia nitampa wote nilio nao. Kisha nikampa sahani apeleke mezani.