Aliyeniita Waitu

Huku kwetu Kagera mtu akikuita "waitu" amekuheshimu. Ni neno la Kihaya, lakini hata tukiongea Kiswahili tunalipachika mwishoni: karibu waitu, pole waitu, asante waitu. Kwenye steshenari yangu pale Muleba nalisikia tangu nafungua mpaka nafunga. Anayetoa kopi ya cheti, anayepiga picha za pasipoti, anayechapiwa barua ya kuomba kazi, wote ni waitu. Sikuwahi kufikiri kwamba neno hilo litakuja kuniogopesha.

Lilianzia kwenye chesi. Ndiyo, nacheza chesi, na msinicheke. Nilijifunza Bukoba mjini nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Izimbya kuja kuuza kwenye duka la nguo la mzee mmoja wa Kihindi. Mchana wateja wakipungua alikuwa anaweka ubao juu ya kaunta na kunifundisha. Siku moja alipoinuka kumpimia mteja kitambaa, nikamhamisha farasi wangu kijanja. Aliporudi aliutazama ubao, akazikusanya kete zote, akazipanga upya tangu mwanzo. Hakunigombeza. Niliona aibu mpaka nikatamani angenizaba kofi, na tangu siku hiyo mtu anayeiba kwenye chesi simvumilii hata kidogo.

Siku hizi nacheza kwenye simu, na watu wa dunia nzima. Jina nililojiandikisha nalo ni herufi na namba tu, ila pale pa makazi nimeandika Muleba. Hakuna aliyejua kuwa ni mimi. Mama wa miaka hamsini na mbili, amejifunga kitenge chake, anacheza chesi na Warusi? Wangesema nimechanganyikiwa. Hata jirani yangu wa duka la pembejeo sikumwambia, ingawa huyo tuliaminiana kiasi kwamba ndiye anayenitunzia ufunguo wa pili wa nyumba. Mimi ni msahaulifu, nimeshavunja kitasa changu mwenyewe mara mbili.

"Unavyoiinamia hiyo simu, waitu," alikuwa ananitania, "umepata mchumba?"

"Nimepata watatu," namjibu. "Unataka nikugawie mmoja?"

Basi siku moja nikapangiwa mchezaji mwenye bendera yetu. Nikafurahi, Mtanzania mwenzangu! Lakini jamaa kila hatua alitumia sekunde saba. Hatua ya wazi ambayo hata mtoto angeiona, sekunde saba. Hatua ya kuumiza kichwa, sekunde saba. Binadamu hachezi hivyo. Huyo alikuwa na programu pembeni inamwambia acheze nini, naye anakopi tu. Malkia wangu alipokwenda na maji, vidole vikaandika vyenyewe pale pa kuchati: "Mawe!" Ndivyo sisi Wahaya tunavyopiga ukelele tukishtuka, tunamwita mama.

Jibu lilikuja haraka. "Kumbe Mhaya mwenzangu! Nimekuchapa, waitu."

Nina hasira za karibu, sifichi. Nikamwandikia, "Hujanichapa wewe, imenichapa mashine yako. Nakuripoti," halafu nikabonyeza pa kuripoti. Wasimamizi wa mchezo wakajibu kwamba wamepokea na watachunguza. Kesho yake nikakuta ujumbe wake.

"Umeniripoti. Muleba si kubwa, kijana. Nitakujua tu, waitu."

Siku ya pili yake ukaja mwingine: "Ukiniripoti tena nakuvunja hivyo vidole. Nakufuata hapo hapo ulipo, waitu."

Nimewahi kutukanwa mle kwa Kiingereza na kwa lugha nisizozijua, nikacheka. Mrusi atanifikia vipi? Lakini huyu anaweza kuwa amekula ndizi leo mchana nyumba tatu kutoka kwangu. Na ile heshima aliyoitia mwishoni mwa tishio ndiyo iliyonitisha zaidi. Wasimamizi walikuwa wameandika kwamba nikitishwa niwapelekee ushahidi. Nami ushahidi ninao, ila nikiupeleka, vidole.

Tangu hapo sikuwa mtu. Mwanamume akiingia dukani, "Habari za leo, waitu," mimi narudi nyuma hatua moja. Namtazama mikono. Nawaza, ni huyu? Au yule aliyesimama nje anajifanya anasoma matangazo? Mzee wa watu mmoja nilimrudia picha mara tatu kwa kutetemeka, akaniuliza kama nina malaria. Naishi peke yangu, wanangu wako Mwanza, na njia ya kwangu inapita katikati ya migomba. Niliogopa, jamani. Niliogopa vibaya mno.

"Una nini siku hizi, waitu?" jirani aliniuliza. Nilishtuka hata kwake, masikini. Nikamweleza nusu nusu, kwamba kuna mtu ananitisha kwenye simu. Chesi sikuitaja, niliona aibu.

Alikasirika mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Mshenzi gani huyo anatisha mama wa watu? Kuanzia leo hufungi peke yako. Nitakusindikiza mimi."

Na alinisindikiza kweli. Kila jioni alitangulia na fimbo yake, akichungulia huku na huku kwenye migomba, mpaka nifungue mlango wangu. Nilimshukuru Mungu kwa jirani wa namna ile.

Nilipokwenda Bukoba kununua wino na karatasi, nikapitia dukani kwa mzee wangu aliyenifundisha chesi. Watoto wake walishahama wote, yeye amegoma kuondoka. Alivaa miwani akausoma ule ujumbe wote polepole.

"Umewapelekea wasimamizi?"

"Naogopa, mzee."

"Amekukataza kuripoti tena?"

"Ndiyo."

"Basi anachokiogopa yeye ni hicho. Wapelekee." Halafu akanisogezea kikombe. "Kunywa chai, waitu."

Kwa kushtushwa na neno hilo, nusu ya chai niliimwaga kwenye magauni yake ya kuuza. Lakini picha za ule ujumbe nilizituma palepale nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, maana nilijua nikifika Muleba nitaghairi.

Baada ya siku nne wakanijibu: wamethibitisha wizi, wameona na vitisho, akaunti ile imefungwa. Ungetegemea nifurahi. Mimi niligeuza kiti changu kitazame mlango, nikakaa hivyo siku nzima.

Kesho yake asubuhi jirani aliingia, simu mkononi, amejiinamia kwa haya.

"Mama, nichapie barua ya Kiingereza. Lakini ibaki siri yetu."

"Ya nini?"

"Kuna mchezo nacheza mtandaoni. Wamenifungia. Kuna mjinga amenisingizia." Akaiweka simu kwenye kaunta ili nione jina la akaunti.

Nililiona. Lilikuwa lile lile. Nikageukia kompyuta kwa sababu sikujua pengine pa kutazama, na mikono ikaanza kuchapa kwa mazoea. Yeye akawa anasema, amesimama nyuma ya bega langu.

"Andika mimi ni mtu mwaminifu. Andika sijawahi kutumia mashine. Andika sijawahi kumtisha mtu yeyote."

Vidole alivyotaka kuvivunja ndivyo vilivyokuwa vinamchapia. Nilipofika kwenye "mtu yeyote" ile hasira yangu ikapanda, ikaupita woga. Nikachukua simu yangu, nikafungua ule ujumbe wake, nikaiweka kando ya simu yake.

Alisoma. Akanitazama usoni, akatazama kitenge, akatazama vidole.

"Mawe!" alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

"Yule kijana wako ndiye mimi," nilimwambia.

Nilingoja aombe radhi. Nilingoja hata akane, nimtukane nipumue. Aliichukua simu yake taratibu akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane aliondoka bila kuniita waitu.

Sikungoja jioni. Nilifunga jua likiwa kali bado, nikashika njia yangu ya migombani peke yangu, hatua za mtu anayeona haya kukimbia. Kila jani likitikisika nageuka. Nilifika, nikaingia, nikafunga kwa ufunguo, nikaegemea mlango nikihema. Hapo ndipo nilipokumbuka ule ufunguo wa pili uko wapi.