Kofia ya Karani na Mtani Wake

Juzi nilikuwa nasubiri huduma katika ofisi moja hapa Dodoma. Karani aliyenihudumia, Mgogo wa makamo, alikuwa amevaa kofia pana humo ndani, na wenzake wote walijifanya hawaioni. Walimsemesha huku macho yao yako kwenye kompyuta.

Akaingia mama anayewauzia chai, Mhehe, yaani mtani wake. Akatua chupa mezani, akashika kiuno. "Mgogo, hebu vua tuone unachoficha."

Karani akacheka, akavua taratibu. Utosini palijaa vidonda vidogo vilivyokauka, vimejipanga kama miche kitaluni.

"Nimepandikiza nywele. Za kisogoni zimehamishiwa utosini. Daktari kasema zitadondoka kwanza, halafu ziote upya."

"Wagogo bwana. Hata kichwani mnapanda kabla ya mvua."

"Kwenu Iringa mvua tele, mbona kichwa cha mumeo hakioti kitu?"

Ofisi nzima ikacheka, na wenzake wakasogea kumuuliza kama inauma. Kofia hakuirudisha.

Heshima ya wenzake ilikuwa inamtoa jasho tu; aliyempa hewa ni mtani. Mimi mwenyewe niliingia pale na kofia ya kufichia upara. Nilitoka nimeishika mkononi.