Pua ya Ermal Gaither

Ermal Gaither alipoteza pua yake mwezi wa Januari. Yenyewe ilibaki usoni, kubwa na nyekundu kama kawaida, ila iliacha kazi. Mafua makali yalimlaza kitandani, na alipoinuka kahawa ilikuwa maji ya moto na nyama ya nguruwe kitu cha kutafuna tu. Mtu mwingine angeshukuru kwa uzima. Ermal alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutonesha wiski.

Na si wiski yoyote. Ng'ambo ya mto, kwenye kampuni kubwa, bourbon, yaani wiski ya mahindi, hutoneshwa katika mnara wa chuma mrefu kuliko kanisa. Uji wa mahindi uliochacha huingia juu, mvuke hupanda kutoka chini, na pombe hutoka kwa nguvu ileile usiku na mchana, nyepesi, haina neno. Hata mwenye mafua ya milele anaweza kuusimamia. Kwenye kiwanda kidogo cha Hollis Teague, alikofanya kazi Ermal, kulikuwa na chungu cha shaba chenye tumbo kubwa na shingo fupi. Humo uji hupikwa pamoja na machicha yake, mafuta ya mahindi hupanda na mvuke, na ndiyo maana wiski yake ni nzito, hukaa mdomoni kama supu. Kisha hurudishwa chunguni mara ya pili, na hapo ndipo penye mtihani. Kwanza hutoka kichwa, kinachonuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Halafu moyo, ambao ndio wiski. Mwisho mkia, wenye uvundo. Chungu hakina akili, kinatoa vyote kwa mfululizo, na mtu ndiye anayekata kwa pua yake. Akichelewa kidogo, uvundo unaingia kwenye pipa la mwaloni na kukaa humo miaka.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo Ermal alimwambia mkewe. Oneda alikuwa Mbatisti wa kweli. Tangu alipobatizwa mtoni akiwa msichana na kuweka nadhiri, pombe haikuwahi kugusa ulimi wake. Maisha yake yote ya ndoa alifua mashati yanayonuka wiski na kumwombea mwenye mashati. Wilaya yao ya Kentucky iliruhusu kutengeneza wiski na kukataza kuiuza, nusu ya kwaya ilifanya kazi kwa Hollis, na hakuna aliyeona ajabu yoyote. Oneda alifikiri usiku kucha. Asubuhi alisema kwamba nadhiri yake ilihusu mdomo. Kuhusu pua hakumwahidi Mungu chochote.

Ikawa kila siku ya kukata, Oneda analeta chakula cha mchana mapema, anakaa karibu na bomba, anafuma sweta. Moyo ukianza, anaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa kuguna, mdomo umefungwa. Mkia ukichungulia, ananyamaza. Ermal anafungua na kufunga bomba akiwa ametazama dari, kama mtu anayenusa. Hollis aliona ni mapenzi ya uzeeni, akamshauri mkewe naye ajifunze.

Mambo yaliharibika mwezi wa Mei. Kitambaa kiliungua nyuma ya Ermal, moshi ukajaa, naye akaendelea kupiga mluzi. Hollis alikizima kwa buti lake.

"Mzee Ermal," alisema, "mkupuo ujao nitasimama nawe. Kama pua imekwenda, itabidi nitafute mtu mwingine. Sina ubaya nawe."

Siku hiyo ilinyesha mvua. Oneda alikuja na maharage na mkate wa mahindi kama hana habari. Milango ilifungwa, mvuke ukatanda. Moyo ulipoanza aliguna kwa wakati wake, Ermal akageuza bomba, Hollis akatikisa kichwa kukubali. Lakini pua ya mtu, ikikaa ndani ya harufu muda mrefu, husinzia. Oneda alifika ubeti wa mwisho, akarudi wa kwanza. Hakuwahi kurudia. Ermal alisikia jasho likimshuka mgongoni. Hollis alikinga glasi, akainusa, akakunja uso, akainusa tena. Kiwanda alikirithi kwa baba yake, pua hakuirithi.

Oneda aliweka sweta chini. Alimwendea Hollis, akamnyang'anya glasi, akainywa.

"Kata," alisema. "Kata sasa hivi, Ermal. Kuna ladha ya mbwa aliyenyeshewa."

Ermal alikata. Hollis alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Tangu lini, Bi Oneda?"

"Tangu Januari."

"Mapipa yote ya mwaka huu?"

"Yote."

"Nami nikawa nayasifu," alisema Hollis.

Ermal alikuwa ameshaanza kufungua aproni.

"Hiyo aproni unaipeleka wapi, mzee?" Hollis aliuliza. "Alhamisi tunapika. Mje wawili. Bi Oneda, nitakuandika kazi."

"Usiniandike popote," alisema Oneda. "Mimi namletea mume wangu chakula."

Walirudi nyumbani kwa gari lao la mizigo. Oneda aliangalia dirishani na machozi yalikuwa yakimtoka bila kelele. Ermal aliona aibu, na zaidi ya aibu alimpenda kupita siku waliyooana. Aliendesha mpaka darajani ndipo akathubutu.

"Ilikuwaje?"

"Mbaya. Inachoma."

"Na nyuma ya mbwa?"

Oneda alijifuta macho kwa mkono wa sweta. Alichukua muda wake, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Mahindi mabichi yaliyotoka tu kwenye moto," alisema. "Halafu ule ukoko wa pai ya pichi, pale sukari inapoungua. Halafu inabaki, Ermal. Haitaki kuondoka."

Ermal alisogeza gari pembeni na kulizima, maana barabara alikuwa haioni.

"Niambie tena," alisema. "Polepole."