Kura za Mtoni na Jimbo Lililoitwa Ndolera

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mshumaa, kiberiti na kipande cha lakiri nyekundu, nikaamriwa nifunge masanduku ya kura matupu, kisha niyafungue, kisha niyafunge tena. Lakiri ni nta ngumu. Unaiyeyusha kwa moto, unaidondosha juu ya fundo la kamba, unaipiga mhuri ingali laini. Mwizi akilifungua sanduku njiani, hana namna ya kulirudisha lilivyokuwa. Ninyi vijana wenye asili ya Ndolera mnaosoma haya mkisubiri basi hapa Braamfontein, mbali na kwetu, najua mnacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeunguza vidole vitatu kabla ya chai ya saa nne, na nilijiona nimeishika serikali mkononi.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Msimamizi wa Uchaguzi. Jina analo, lakini tulimwita kwa cheo chake hata asipokuwepo. Mwembamba, suti moja ya kaki, mkali kama pilipili kichaa. Alisimama nyuma yangu akitazama lakiri ikinichuruzikia.

"Binti, hapa kazi ni kuona, kuandika na kuuliza," alisema. "Watu wanasahau hiyo ya mwisho. Ukisikia hesabu hukuielewa, nyoosha kidole, sema 'Rudia.' Hata kama anayesoma ni mimi. Hata kama ni baba yako."

"Na akikasirika, mzee?"

"Atakasirika, halafu atarudia."

Jimbo la Ndolera msilitafute kwenye ramani, halipo. Lilikuwa jimbo la mashamba ya pamba na mihogo, limekatwa katikati na mto. Upande huu kulikuwa na boma na kata karibu zote. Ng'ambo kulikuwa na kijiji kikubwa cha Mtoni, ambacho mvua ikinyesha kinakuwa kisiwa. Ilikuwa enzi za chama kimoja. Chama kilileta wagombea wawili kwa kila jimbo, na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Kwenye karatasi ya kura jembe lilikaa kushoto, nyumba kulia.

Mwaka huo jembe alipewa tajiri mwenye malori ya pamba. Nyumba akapewa Mwalimu Sefu, mwalimu mkuu wa shule ya bomani, mzaliwa wa Mtoni. Mdogo wake, Athumani, alibaki ng'ambo akilima shamba la baba yao. Kulikuwa na maneno kwamba ndugu hao wamegombana kwa sababu ya shamba hilo. Kweli waligombana, kama ndugu wanavyogombana, lakini maneno ya watu yaliukuza ugomvi ukawa mkubwa kuliko shamba lenyewe.

Nieleze tulivyohesabu, maana hapo ndipo penye mwiba. Masanduku yote yaliletwa kwenye ukumbi wa boma. Kila kituo kilikuwa na meza yake ya makarani wa kuhesabia, na wakimaliza walijaza fomu ya kituo. Fomu ilikwenda kwa mwitaji. Mwitaji aliisoma kwa sauti, alama kwanza, ndipo idadi: "Jembe, kadhaa. Nyumba, kadhaa." Mwandishi aliandika kwenye jedwali la majumlisho, karatasi pana kama mkeka, safu ya kushoto jembe, ya kulia nyumba. Mwandishi nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko wangu, na niliringa nao.

Kufikia adhuhuri ya siku ya pili vituo vyote vilikuwa vimesomwa isipokuwa Mtoni, maana mto ulijaa na sanduku lilichelewa. Nyumba ilikuwa mbele kidogo. Nje umati ulikuwa umezunguka ukumbi, watu wa malori upande mmoja, walimu na wanafunzi wao wa zamani upande mwingine, na askari wachache katikati wakitazama viatu vyao. Asubuhi hiyo malaria ilikuwa imemwangusha Bwana Msimamizi, akapelekwa hospitali. Kiti chake akakalia Katibu wa Wilaya, mtu mnene mwenye sauti nzito, ambaye kila nusu saa aliitwa kwenye simu na mkoa na kurudi akiwa amekasirika zaidi.

Sanduku la Mtoni lilipofika na kuhesabiwa, hakungoja mwitaji. Aliinyakua fomu mikononi mwa karani, akasoma amesimama. Hakutaja alama. Alisoma idadi kubwa, akasoma idadi ndogo, akasema, "Haya, jumlisheni tumalize."

Mkono wangu ukaandika kwa mazoea, ya kwanza kushoto, ya pili kulia. Jembe likapata ile kubwa. Nyumba ikapata ile ndogo. Kalamu ilipotua ndipo nikakumbuka. Mtoni ndiko alikozaliwa Mwalimu! Wakala wa Mwalimu, yaani mtu wake wa kumlindia kura, alikuwa dirishani. Alishika kichwa kwa mikono miwili, lakini hakuomba kuiona fomu. Nadhani alisema moyoni, kumbe lile shamba limemponza kwao. Ukumbi mzima, uliozoea jembe kutangulia, ulisema hivyo.

Kidole changu kiliondoka mezani. Kikapita kifua, kikafika usawa wa kidevu.

Katibu akanitazama. "Binti, una swali, au unajikuna?"

Makarani wakacheka, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa.

"Najikuna, mheshimiwa," nikasema.

Nikakishusha. Jembe likatangazwa, na nje malori yakapiga honi.

Ilikuwa wiki ya pili baadaye nilipopewa kazi ya kupanga fomu kwenye makasha ya kuhifadhi. Niliitafuta ya Mtoni. Karani wa meza ile alikuwa mgeni wa kazi. Aliandika nyumba juu na jembe chini, kwa sababu nyumba ilikuwa nyingi zaidi, naye aliona ni adabu kumtanguliza aliyeshinda. Mtoni walikuwa wamempa Mwalimu kura zao karibu zote. Kama Katibu aliona alichokuwa anasoma au hakuona, sijui mpaka leo, na sitamsingizia marehemu. Yangu ninayajua.

Nilimpelekea Katibu fomu ofisini. Aliisoma taratibu, safari hii ameketi.

"Mwalimu Sefu amekwenda mahakamani?" akauliza.

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Watu wanasema amesema, kama Mtoni wamemkataa, yeye ni nani wa kudai."

"Basi mwenyewe amekubali. Wewe ni nani umkatalie?" Akanirudishia fomu. "Funga kasha. Piga lakiri."

Nilipiga lakiri, na safari hiyo sikuungua hata kidole kimoja. Mwezi uliofuata nilihamishiwa mkoani na kupandishwa cheo. Naamini uhamisho ule ulikuwa wa kunifunga mdomo, na mimi nilifunga sanduku langu la nguo nikiimba. Bwana Msimamizi alipopona alistaafishwa. Alikuja kituo cha basi kuniaga, akaniuliza kama kuna lolote la kumwambia. Nikamwambia hakuna, mzee.

Sitawachosha na vituo vyote nilivyopangiwa. Nilikuwa karani wa daftari la wapiga kura, nikawa mkufunzi wa wasimamizi wa vituo, nikafundisha nusu ya mkoa kunyoosha kidole na kusema "Rudia." Nilifundisha vizuri, waliniogopa. Mwalimu Sefu aliacha kazi, akahamia kusini mwa nchi, na nilisikia hajavuka tena mto kwenda Mtoni. Kila niliposikia nilijiambia, ya kale hayanuki. Methali hiyo ni ya uongo. Yananuka.

Miaka mingi baadaye nilitumwa Ndolera nikiwa mwandishi wa kamati ya mipaka, ile inayopita ikisikiliza wananchi kabla ya majimbo kugawanywa au kuunganishwa. Pendekezo lilikuwa kulifuta Ndolera: boma na kata zake ziende jimbo la kaskazini, ng'ambo yote iende la kusini. Tulikaa chini ya turubai shuleni Mtoni. Mzee mmoja aliyevaa kofia iliyochakaa alisimama, akajitaja kuwa Athumani.

"Mkitukata na upande ule, ndugu yangu hatarudi tena," alisema. "Tulimpa kura zote. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba. Tumeambiwa tulimnyima, na yeye ameamini. Nyie watu wa makaratasi, hakuna hata mmoja wenu anayejua kura zetu zilikwenda wapi?"

Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mezani kwangu. Fomu ile niliijua nambari kwa nambari. Mwenyekiti wa Kamati akaegemea upande wangu na kunong'ona, "Hilo si la mipaka. Andika wananchi wameridhia." Nikaandika wameridhia, kwa mwandiko wangu mzuri. Athumani alikaa chini. Alifariki kabla ya uchaguzi uliofuata, na kaka yake hakwenda kumzika. Jimbo lilifutwa. Ninyi mnaojiita wana-Ndolera mnajiita kwa jina ambalo mimi nilishika kalamu iliyolifuta.

Nilistaafu nikiwa na sitini, nikapewa saa ya ukutani na hotuba. Mume wangu alipofariki, binti yangu Neema, anayefundisha chuo hapa Braamfontein, alinichukua nije kukaa naye. Nilidhani nimefika mbali. Jumapili ya kwanza alinipeleka mtaa wa Fordsburg, kwenye mkutano wa wana-Ndolera, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Katibu wa chama chao ni mama mmoja fundi cherehani. Alinipokea kwa magoti, kama tulivyofunzwa nyumbani, akasema anaitwa Zubeda binti Sefu.

"Binti wa Mwalimu Sefu?"

"Ndiye, mama. Baba ninaye hapa, nimemleta atibiwe macho. Ana themanini na ushei, lakini kichwa bado kiko sharp." Akacheka. "Mama, tunaandika kitabu cha jimbo letu. Watoto wetu hapa wanajua Kizulu tu, eish, ukiwauliza Ndolera wanadhani ni mtaa wa Alexandra. Neema ametuambia wewe uliishika ile kazi. Tuandikie uchaguzi ulivyokuwa."

Wiki tatu sikuandika neno. Neema alidhani naumwa, na kweli niliumwa. Ningeweza kuandika habari za lakiri na wino na mvua, mkanipigia makofi, nikafa na heshima yangu. Nilipoandika, niliandika yote hadi hapa mlipofika. Kisha nikaona haifai mtu asomewe maisha yake kitabuni pamoja na wageni. Jumamosi iliyopita nikazikunja kurasa, nikaenda Fordsburg, nyumbani kwa Zubeda.

Zubeda alikuwa akishona sketi za shule. Mwalimu Sefu aliketi karibu na dirisha, fulana safi, jicho moja limefungwa bandeji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Sauti hiyo siijui."

Nilikuwa nimepanga maneno ya utangulizi tangu nyumbani. Yote yalipotea. Nikajikuta nimenyoosha kidole, mimi bibi mzima, kama mwanafunzi wa darasa lake.

"Baba, mama amenyoosha kidole," Zubeda akasema, akitabasamu bila kuelewa.

"Basi aseme."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye "najikuna, mheshimiwa," cherehani ilinyamaza. Nilipofika kwa Athumani, Mwalimu aliinua mkono nikakoma.

"Alisema hivyo? Kwamba alipita nyumba kwa nyumba?"

"Kwa maneno hayo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote, Mwalimu. Mimi nikiwa hatua tatu."

Pale kona robot, yaani taa ya barabarani, ikalia ile sauti ya kuwavusha wasioona. Zubeda alikuwa ananitazama, na mtazamo ule nitazikwa nao.

"Waliniletea salamu kwamba ni mgonjwa," mzee akasema. "Nikasema, aende akauguzwe na wale aliowapa kura. Wakaniletea salamu kwamba amefariki. Nikafunga mlango."

"Nisamehe, Mwalimu."

Vijana, mnaponiuliza kazi imenifundisha nini, hili ndilo nililonalo. Nilidhani nimemnyima mtu ubunge. Ubunge angeusahau.

"Fomu ile unaikumbuka?" akauliza baadaye.

"Kuliko siku niliyomzaa Neema."

"Isome. Inavyosomwa."

Nikasimama. Sijawahi kuwa mwitaji maishani mwangu, lakini nilijua inavyofanywa: kituo, alama, idadi.

"Kituo cha Mtoni," nikasema. "Nyumba." Nikaitaja ile idadi kubwa, yote, tarakimu kwa tarakimu. "Jembe." Nikaitaja ile ndogo.

Mwalimu Sefu alikuwa amegeuzia uso dirishani, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu watu kwa majina yao. Kisha akanyoosha kidole.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Rudia."